Njaa ya Haidrojeni: Hewa Ukaa ya Viwanda vya Kemikali za Makaa ya Mawe

Kiwanda cha kemikali za makaa ya mawe hupokea makaa kama seremala anavyopokea ubao, kwa ajili ya kutengenezea kitu kingine. Kinachotoka upande wa pili ni vitu ambavyo macho hayawezi kuvihusisha na mgodi: dizeli, petroli, nta, methanoli, mbolea ya urea, plastiki za mabomba na ndoo. Ila katika safari hiyo ya kutoka jiwe jeusi hadi punje nyeupe ya mbolea, kaboni nyingi iliyokuwa ndani ya makaa haifiki. Huachwa njiani ikiwa imeungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksaidi, gesi ambayo kwa Kiswahili cha kila siku imezoeleka kwa jina la hewa ukaa. Kwa bidhaa nyingi za namna hii, hewa ukaa inayoachwa nyuma ina uzito mara tatu, mara sita, hata mara kumi ya bidhaa yenyewe.

Uchafuzi wa viwanda unapotajwa, picha inayokuja akilini ni bomba refu linalofuka moshi. Viwanda hivi navyo vina mabomba hayo, kwa sababu vinahitaji mvuke na umeme mwingi. Lakini sehemu kubwa ya hewa ukaa yake haijawahi kuwa moshi. Hutengenezwa ndani ya mitambo iliyofungwa, huchujwa kwa makusudi kwa kuwa inakwamisha hatua inayofuata, kisha huachiwa angani ikiwa safi karibu kabisa. Chanzo chake ni upungufu uliomo ndani ya makaa yenyewe, na hakuna usimamizi mzuri wa kiwanda unaoweza kuufuta.

Upungufu huo ni wa haidrojeni. Katika makaa ya mawe ya kawaida, kila atomu 10 za kaboni huambatana na atomu zipatazo nane tu za haidrojeni. Dizeli ina karibu 20 kwa kila kaboni 10. Methanoli ina 40, sawa na gesi asilia. Amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea zote za naitrojeni za viwandani, haina kaboni hata chembe. Ni naitrojeni na haidrojeni tupu. Anayetaka kutoka kwenye makaa hadi kwenye bidhaa hizo ana mambo mawili ya kuchagua, nayo huishia kuwa jambo moja: aongeze haidrojeni au aitupe kaboni. Haidrojeni iliyo karibu na ya bei nafuu ni ile iliyofungwa ndani ya maji. Kuitoa humo kunahitaji kitu cha kuing'ang'ania oksijeni ya maji, na katika kiwanda cha makaa kitu hicho ni kaboni.

Kazi huanzia kwenye kinu cha gesi, chombo kirefu cha chuma kinene kinachoingizwa makaa, mvuke na oksijeni. Sehemu ya makaa huungua kwa oksijeni hiyo na kuleta joto linalopita nyuzi 1,000. Makaa yaliyobaki, yakiwa ndani ya joto hilo, huunyang'anya mvuke oksijeni yake. Hapo hupatikana mchanganyiko wa kaboni monoksaidi na haidrojeni unaoitwa gesi sanisi, na ni kutokana na gesi hiyo kwamba karibu kila kitu kingine hujengwa. Kwa kawaida haidrojeni iliyomo bado haitoshi. Kwa hiyo kaboni monoksaidi hukutanishwa tena na mvuke juu ya kichocheo. Maji yanatoa haidrojeni yake, na kaboni monoksaidi inachukua oksijeni na kugeuka hewa ukaa. Kwa kila molekuli moja ya haidrojeni inayopatikana katika hatua hii, molekuli moja ya hewa ukaa huzaliwa. Hakuna kichocheo kinachoweza kubadili hesabu hiyo, wala mhandisi awaye yote.

Mfuko mmoja wa urea unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mfuko wa kilo 50, ule ambao mkulima wa mahindi huununua kama mbolea ya kukuzia, una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kuutengeneza kunahitaji kilo 28 za amonia, na ndani ya amonia hiyo mna kilo tano za haidrojeni. Haidrojeni hiyo ikitolewa kwenye maji kwa kutumia kaboni ya makaa, kemia peke yake hudai angalau kilo 11 za hewa ukaa kwa kila kilo ya haidrojeni. Hizo ni kilo 55, kabla hata ya kuhesabu makaa yanayounguzwa kupata joto, kuendesha mashine za kushindilia gesi na kutenga oksijeni na hewa ya kawaida. Vyote vikijumlishwa, amonia ya makaa hutoa zaidi ya tani tatu za hewa ukaa kwa kila tani moja, wakati ile ya gesi asilia hutoa kama tani 1.8. Kwa mfuko mmoja wa urea ya makaa hiyo inazidi kilo 85.

Sehemu ya hewa ukaa hiyo hurudishwa kazini. Urea hutengenezwa kwa kuunganisha amonia na hewa ukaa, na mfuko wa kilo 50 humeza karibu kilo 37. Watengenezaji hupenda kuitaja hatua hii kama akiba, na ndani ya lango la kiwanda ni akiba kweli. Lakini urea ikishamwagwa shambani na kupata unyevu, vimeng'enya vya udongo huivunja katika siku chache. Naitrojeni hubaki kulisha mmea, na zile kilo 37 hupanda hewani zikitokea kwenye tuta la mahindi badala ya kiwandani.

Mafuta na plastiki zina kisa chao. Kutengeneza dizeli kutokana na gesi sanisi hutumia molekuli mbili za haidrojeni kwa kila moja ya kaboni monoksaidi, na ni nusu tu ya haidrojeni hiyo inayoingia kwenye mafuta. Nusu nyingine huungana na ile oksijeni ya kaboni monoksaidi na kurudi kuwa maji. Haidrojeni iliyotolewa kwenye maji kwa gharama ya kaboni inarudi majini ilikotoka, na hewa ukaa yake imekwisha kuondoka. Ndivyo ilivyo pia methanoli inapogeuzwa kuwa ethilini na propilini, malighafi za plastiki. Tani moja ya plastiki ya njia hii hutanguliwa na karibu tani tatu za methanoli, na kila tani ya methanoli ya makaa huja na takriban tani tatu za hewa ukaa. Hapo ndipo inapotoka ile mara kumi.

Mwisho wa mstari wa gesi sanisi kuna mnara wa kuosha. Njia iliyoenea zaidi huitwa Rectisol: methanoli iliyopozwa hadi nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri hunyunyizwa kutoka juu, gesi ikipanda kutoka chini. Katika baridi hiyo methanoli hufyonza hewa ukaa na gesi za salfa kama sifongo linavyofyonza maji. Shinikizo likipunguzwa, methanoli huziachia, kila moja kwa wakati wake. Salfa hupelekwa kusafishwa na kuuzwa. Hewa ukaa, iliyo safi kuliko ile inayopatikana katika bomba lolote la moshi la kiwanda cha umeme, hufunguliwa mlango wa kwenda angani. Moshi wa kiwanda cha umeme cha makaa una hewa ukaa asilimia 12 hadi 15 tu, na kazi ya kuitenganisha na naitrojeni ndiyo inayokula fedha nyingi katika miradi ya kunasa kaboni. Kiwanda cha kemikali kimeshaifanya na kuilipia kazi hiyo kwa sababu zake chenyewe. Katika suala zima la viwanda hivi, hakuna jambo linalouma kama hili.

Secunda

Mahali ambapo haya yote yanaonekana kwa ukubwa usio na mfano barani Afrika ni Secunda, mji wa jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Kiwanda cha kampuni ya Sasol kilichopo hapo hutumia karibu tani milioni 40 za makaa ya mawe kwa mwaka na kutoa petroli, dizeli, mafuta ya ndege na kemikali za aina nyingi, kwa uwezo wa mapipa 150,000 hivi ya mafuta kwa siku. Gesi joto zake ni zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka. Wachambuzi wengi hukitaja kuwa ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote duniani kilicho mahali pamoja. Kiasi hicho kinazidi hewa ukaa yote ya mafuta, gesi na makaa yanayochomwa Kenya na Tanzania kwa mwaka, nchi hizo mbili zikijumlishwa.

Anayefika Secunda huuona mji kwa mbali kupitia mabomba yake ya moshi, refu kati yake likipita mita 300. Kwa pua, huujua kabla ya hapo. Upepo ukigeuka, harufu ya mayai yaliyooza husafiri kilomita nyingi. Harufu hiyo ni ya haidrojeni salfaidi, gesi inayotoka kwenye salfa ya makaa, na ndiyo inayowachosha wakazi na kujaza barua za malalamiko. Hewa ukaa haina harufu wala rangi. Gesi iliyo nyingi kuliko zote kiwandani hapo ndiyo isiyoweza kumwamsha mtu usiku.

Vinu vya gesi vya Secunda ni zaidi ya 80, vya aina ya Lurgi, vilivyochaguliwa kwa sababu vinaweza kumeza makaa ya Afrika Kusini yenye majivu mengi bila kuziba. Huingizwa mvuke mwingi kupita kawaida ili majivu yasiyeyuke na kugandamana. Mvuke huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupoza majivu, na hapo hapo humalizia kutoa haidrojeni ndani ya kinu chenyewe. Matokeo yake ni kwamba gesi ghafi inapotoka, zaidi ya robo yake tayari ni hewa ukaa. Juu ya hiyo huongezeka ile inayotoka kwenye majiko makubwa ya mvuke, ambayo huchoma makaa kwa njia ya kawaida na ndiyo yenye mabomba yale marefu.

Kiwanda hiki hakikujengwa kwa sababu ya faida ya kibiashara peke yake, na historia yake inaanzia mbali na Afrika. Mwaka 1913 Mjerumani Friedrich Bergius alipata hataza ya kugeuza makaa kuwa mafuta kwa kuyashindilia haidrojeni kwa shinikizo kubwa. Mwaka 1925 Franz Fischer na Hans Tropsch, katika taasisi ya utafiti wa makaa iliyoko Mülheim kando ya mto Ruhr, walipata njia ya pili, ya kuyavunja makaa kuwa gesi kwanza na kuijenga gesi hiyo upya kuwa mafuta. Ujerumani haikuwa na visima vya mafuta. Makaa ilikuwa nayo tele. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, viwanda vyake vipatavyo 25 vilitoa karibu mapipa 124,000 kwa siku mwanzoni mwa 1944, hadi ndege za Washirika zilipoanza kuvilipua mwezi Mei mwaka huo, kikiwamo kile kikubwa cha Leuna. Amani iliporudi na mafuta ya bei rahisi ya Mashariki ya Kati yakaingia sokoni, teknolojia hiyo ilikosa mteja Ulaya.

Mteja alipatikana Pretoria. Sasol iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake cha kwanza, katika mji uliopewa jina la Sasolburg, kilianza kutoa mafuta mwaka 1955. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliiwekea serikali ya makaburu vikwazo vya mafuta. Kiwanda cha pili kikaamuliwa mwaka uliofuata, na jina la Secunda linatokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya pili. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipofunga mlango wa mwisho mkubwa uliokuwa umebaki, serikali iliagiza uwezo huo uongezwe maradufu papo hapo. Juni 1980 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walilipua matangi ya Sasol, wakijua fika kwamba wanapiga mahali ambapo utawala wa ubaguzi ulikuwa umejificha dhidi ya vikwazo. Katika vitabu vya hesabu vya wakati huo, hewa ukaa haikuwa na safu yake. Swali lilikuwa kama magari ya jeshi yatapata dizeli.

Historia hiyo inaeleza kwa nini urithi huu ni mgumu kuufungua. Wafanyakazi, migodi, halmashauri ya mji, shule na maduka ya Secunda vyote vimejengwa juu ya mitambo hiyo, na sehemu kubwa ya petroli na dizeli ya maeneo ya bara ya Afrika Kusini hutoka hapo. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza lengo la kupunguza gesi joto zake kwa asilimia 30 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2017, na kufikia sifuri halisi mwaka 2050. Serikali ilianza kutoza kodi ya kaboni Juni 2019, randi 120 kwa tani, lakini ikaweka misamaha ya asilimia 60 hadi 95 kwa walipaji katika awamu ya kwanza. Kodi yenye msamaha wa kiasi hicho haiwezi kumfanya mtu ahamishe kinu.

Jambo moja limekwisha kufanyika kwa vitendo. Mwaka 2004 bomba la kilomita 865 lilifunguliwa kuleta gesi asilia kutoka visima vya Pande na Temane, kusini mwa Msumbiji. Sasolburg iliacha makaa kama malighafi na kuhamia kwenye gesi hiyo. Gesi asilia ina haidrojeni nne kwa kila kaboni, kwa hiyo ile njaa iliyoelezwa hapo juu hupungua sana, na hewa ukaa ya kuitosheleza hupungua nayo. Secunda yenyewe hupokea kiasi fulani kuchanganya na makaa. Visima hivyo vya Msumbiji sasa vinakaribia kuchoka, na mji ulioacha makaa umebaki ukitafuta gesi ya kuziba pengo.

China

Secunda ni kiwanda kimoja kikubwa. China ni nchi nzima ya viwanda hivi. Ina makaa mengi, gesi kidogo, na hununua nje zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ghafi inayotumia. Zaidi ya robo tatu ya amonia yake hutokana na makaa, na nchi hiyo ndiyo mtengenezaji wa kwanza wa amonia duniani. Methanoli yake ni zaidi ya nusu ya methanoli yote ya dunia, na nyingi ni ya makaa. Hewa ukaa ya sekta hii huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya tani kila mwaka.

Kitovu chake kiko kwenye nyanda kame za kaskazini: Ordos katika Mongolia ya Ndani, Yulin katika Shaanxi, Ningdong katika Ningxia, na mbali zaidi, Xinjiang. Ordos kilianzishwa mwaka 2008 kiwanda cha kampuni ya Shenhua cha kutumia njia ya Bergius, chenye uwezo wa zaidi ya tani milioni moja za mafuta kwa mwaka. Mwaka 2010, Baotou, kampuni hiyo hiyo ilianza kutengeneza plastiki kutokana na makaa kwa kiwango cha viwanda, jambo lililokuwa halijafanyika popote, kwa kutumia kichocheo kilichobuniwa na taasisi ya fizikia ya kemia ya Dalian. Desemba 2016 ukaja mtambo mkubwa wa Ningdong, wa tani milioni nne za mafuta kwa mwaka, unaotumia karibu tani milioni 20 za makaa. Tani tano za makaa kwa tani moja ya mafuta: mwenye kutafuta mahali zilipokwenda zile nyingine nne atazikuta kwenye majivu na maji, na zaidi ya hapo, hewani.

Mradi wa gesi wa Keqi, Mongolia ya Ndani, unastahili kutazamwa peke yake. Ulianza mwishoni mwa 2013 kwa kugeuza makaa kuwa gesi inayofanana na gesi asilia na kuipeleka Beijing kwa bomba. Beijing wakati huo ilikuwa ikikabwa na ukungu wa moshi, na gesi huungua bila vumbi wala masizi, kwa hiyo mapafu ya mji yalipata nafuu. Anga kwa ujumla wake haikupata. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2013 ulikokotoa kwamba umeme unaozalishwa kwa gesi ya namna hii huleta gesi joto asilimia 36 hadi 82 zaidi ya umeme wa kuchoma makaa moja kwa moja. Moshi ulihamishwa kutoka mji mkuu hadi nyikani na kuongezeka uzito ukiwa njiani.

Kuna tawi moja la sekta hii lisiloongozwa na njaa ya haidrojeni, nalo ni la kabaidi. Mafundi wa kuchomelea vyuma katika miji mingi ya Afrika Mashariki wanalijua jiwe hilo la kijivu: likitiwa majini huchemka bila moto na kutoa asetilini, gesi yenye mwanga mkali na harufu inayokumbusha kitunguu saumu. China hutumia asetilini ya kabaidi kutengenezea sehemu kubwa ya plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji na fremu za madirisha, wakati nchi nyingine hutumia ethilini ya mafuta au gesi. Asetilini ina haidrojeni moja tu kwa kila kaboni, kwa hiyo haihitaji kuongezewa. Hewa ukaa yake hutoka pengine. Kabaidi hupikwa kwa chokaa na makaa yaliyokokwa, katika tanuri ya umeme yenye joto linalopita nyuzi 2,000. Kila tani ya chokaa inayochomwa kutoka kwenye mawe huachia karibu kilo 790 za hewa ukaa, na kila tani ya kabaidi hula umeme wa zaidi ya uniti 3,000, ambao katika mikoa hiyo hutoka zaidi kwenye makaa.

Septemba 2020 Rais Xi Jinping alitangaza kwamba hewa ukaa ya China itafika kilele kabla ya 2030 na kusawazishwa kabla ya 2060. Sekta ya kemikali za makaa ilipata nafasi ya pekee katika mpango huo. Mwishoni mwa 2021 uongozi wa nchi uliamua kwamba nishati inayotumika kama malighafi isihesabiwe katika kikomo cha matumizi ya nishati, kwa hoja kwamba kaboni yake huingia kwenye bidhaa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Kwenye amonia si ya kweli kabisa, kwani hakuna kaboni inayoingia. Soko la taifa la vibali vya kaboni lilipofunguliwa Julai 2021 liliwagusa wazalishaji wa umeme peke yao. Mwaka 2025 likapanuliwa kwa chuma, saruji na alumini, na kemikali zikaachwa zisubiri.

Pa kuipeleka

Kwa kuwa hewa ukaa ya viwanda hivi hutoka ikiwa safi, kuinasa ni kazi ya kuishindilia na kuipeleka mahali. Mfano wa zamani uko North Dakota, Marekani. Kiwanda cha Great Plains, karibu na mji wa Beulah, kilianza mwaka 1984 kugeuza makaa machanga kuwa gesi, kikitumia vinu vya Lurgi vya jamii moja na vya Secunda na mnara ule ule wa Rectisol. Tangu mwaka 2000 hewa ukaa yake husafirishwa kwa bomba la kilomita 330 hivi hadi Weyburn, Kanada, ambako husukumwa ardhini kwenye visima vya mafuta vilivyozeeka ili kukamua mafuta yaliyobaki. Makumi ya mamilioni ya tani yameshafukiwa huko. Mafuta yanayokamuliwa nayo huungua, na hesabu ya faida lazima iyajumuishe.

China imejaribu pia. Ordos, kati ya 2011 na 2015, tani zipatazo 300,000 zilisukumwa kwenye miamba yenye maji ya chumvi, bila kukamua mafuta yoyote. Mwaka 2022 kampuni ya Sinopec ilizindua Shandong mradi wa tani milioni moja kwa mwaka, unaochukua hewa ukaa ya kiwanda cha kemikali cha Qilu na kuifukia katika visima vya Shengli. Kwa Secunda tatizo ni ardhi yenyewe: mabonde ya miamba yanayofaa zaidi yako baharini, mamia ya kilomita kutoka kiwandani. Baraza la jiolojia la Afrika Kusini limekuwa likichunguza miamba ya Leandra, jirani na Secunda, kuona kama inaweza kupokea chochote.

Njia ya pili ni kuitafuta haidrojeni mahali pengine. Umeme ukipitishwa majini hutenganisha haidrojeni na oksijeni bila kuhitaji kaboni. Haidrojeni hiyo ikiingizwa kwenye gesi sanisi, ile hatua ya kuzidisha haidrojeni kwa kutupa kaboni haihitajiki tena, na kaboni iliyokuwa itupwe inabaki kuwa bidhaa. Oksijeni nayo huenda kwenye kinu cha gesi. Kampuni ya Baofeng, huko huko Ningdong, imeanza kufanya hivyo kwa umeme wa jua, megawati 150 za mitambo ya kupasua maji kando ya kiwanda chake cha plastiki. Ni sehemu ndogo ya haidrojeni yote inayohitajika hapo, lakini inafanya kazi.

Ugumu wake ni umeme. Kilo moja ya haidrojeni huhitaji uniti zisizopungua 50. Kilo tano za mfuko mmoja wa urea ni uniti 250, umeme ambao kaya yenye taa, runinga na jokofu inaweza kuutumia kwa miezi kadhaa.

Kwa upande wa amonia, njia hiyo haihitaji makaa kabisa, na Afrika iliwahi kuitumia kwa kiwango cha viwanda. Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilikuwa kikipasua maji kwa umeme wa bwawa la Kariba tangu miaka ya 1970. Wakati huo huo, ng'ambo ya mto Zambezi, kiwanda cha mbolea cha Kafue nchini Zambia kilijengewa vinu vya kutoa amonia kwenye makaa ya mawe. Kiwanda cha Kwekwe kiliendelea hivyo kwa miongo minne, mbolea yake ikienda mashambani bila kinu cha makaa nyuma yake. Mwaka 2015, umeme wa Zimbabwe ulipopungua na bei yake kupanda, mitambo hiyo ilizimwa, na kiwanda kikabaki kutegemea amonia inayoagizwa kutoka Afrika Kusini.